Dada Kuntala na Majani 118 Yaliyorudi Pamoja

Tarehe 31 Mei, Dada Kuntala Maharana anastaafu baada ya miaka 34 na miezi miwili katika chumba chetu cha miswada hapa Puri, India. Likizo za ugonjwa: siku tisa. Kupandishwa cheo: mara moja, na hiyo moja nayo ilichelewa.

Aliajiriwa kupaka mafuta ya mchaichai majani ya mvumo, ambayo ndiyo karatasi za miswada yetu ya kale, fukusi wasiyale. Kusoma maandishi ya kale alijifunza mwenyewe, jani moja kwa siku, huku akila wali wake wa kulowekwa mlangoni, kwani chakula hakiingii ndani. Wageni wenye shahada walimwita Mama Mafuta. Hakukasirika. “Ni haya mafuta yaliyokupa cha kusoma, mwanangu,” alikuwa akiwajibu.

Miaka 19 iliyopita, mtaalamu mmoja aligawa fungu la majani 118. Majani 71 yanayomwimba Krishna yakawa mswada wa Kivaishnava, yaani wa waabudu wa Vishnu na Krishna. Yale 47 yanayomwita Bwana huyohuyo Utupu, na kufundisha kumtafuta ndani ya pumzi, yakawa wa Kibuddha, kwani Utupu ni neno la Wabuddha. Masanduku mawili, namba mbili. Dada Kuntala akasema mshairi ni mmoja. Bibi yake aliziimba beti zote mfululizo mbele ya Jagannath, Krishna wa hekalu letu. Akaambiwa bibi si ushahidi. Akaandika barua sita. Majibu: sifuri.

Februari, zikiwa zimebaki siku mia tu, aliomba kusafisha masanduku yote mawili kwa pamoja. Akayapanga majani mezani kwa mfuatano wa beti za bibi yake. Tundu la kale la fukusi lilianzia jani la kwanza likatokea la 118, likipinda kidogokidogo bila kuruka hata jani moja, hata pale Krishna anapoishia na Utupu kuanza.

“Haya, mwiteni mtaalamu,” alisema. “Huyu mdudu kala kitabu kimoja.”

Wiki iliyopita daftari la miswada lilirekebishwa: mswada mmoja, majani 118. Kamba ya kuyashikanisha majani aliifunga mwenyewe. Mkusanyo wetu umepungua kwa namba moja, na hesabu kushuka haijawahi kutufurahisha hivi.

Penye jina la mgunduzi, daftari linasema “Ofisi”. Basi sisi tunaliandika hapa: Kuntala Maharana.

Asante, Dada. Uwe na afya na siku njema. Na kuanzia Juni, wali wako uulie ndani, nyumbani kwako, umekaa.