Mkasi wa Mapokezi

Kabla sijaiona sura yake niliusikia mkasi wake. Kwach, kwach, kwach, ukipita taratibu kwenye ngozi ya buti huku mwenye buti akilia. Ilikuwa siku yangu ya tatu katika hospitali hii ya jeshi. Sauti ile haijanitoka masikioni hadi leo, ninapoandika kwamba muuguzi wetu mkuu wa mapokezi, Mzee Mkasi, anastaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi.

Aliikuta hospitali ikiwa mahema manne. Bendeji zilifuliwa, zikaanikwa, zikafungwa tena kwa mwingine. Majeruhi waliletwa na malori ya chakula, wamelazwa juu ya magunia. Alianza kwa kuosha vyombo vya wagonjwa, akapitia vita viwili, na ndiye aliyesumbua wakubwa miaka sita mfululizo mpaka bomba la maji likafika kwenye mlango wa mapokezi.

Sheria yake ni moja: hakuna majeruhi anayepita mlangoni na buti mguuni. Ajabu ni kwamba askari huyaonea uchungu mabuti kuliko miguu yenyewe. "Mzee, usikate, mapya hayo!" Naye hujibu, "Mwanangu, buti nitalishona. Mguu sikuahidi." Hukata kwenye mshono tu, na baada ya zamu huketi na sindano akayashona yote. Mkewe husema aliolewa na muuguzi, akajikuta kwa fundi viatu.

Nilidhani ni ukaidi wa uzee. Siku moja ya mwaka wangu wa kwanza nilimpokea askari mwenye jeraha la bega, mcheshi, akanitania kwamba nafunga bendeji kama nafunga mzigo wa kuni. Nikacheka, nikamwachia mabuti yake. Mzee Mkasi akaja, akainama, akakata la kushoto, halafu la kulia. Nyuma ya kifundo cha mguu wa kulia palikuwa na tundu, na soksi imelowa damu chapachapa.

Jioni akanisimulia. Katika vita vyake vya kwanza kijana mmoja aliingia kwa miguu yake, akicheka vilevile, akamsihi asikate. Akamhurumia. Walipomnyanyua kumlaza kitandani, damu ilimwagika kutoka kwenye buti kama maji ya ndoo. Hawakuwahi kumwokoa.

Mwezi huu vitanda vimeongezwa hadi kwenye korido. Friji la damu limejazwa, magari ya wagonjwa yamefanyiwa matengenezo yote kwa mpigo, na hakuna anayetuambia kwa nini. Kwenye chumba cha chai watu wananong'ona, mlango ukigongwa wananyamaza. Katikati ya hayo nimeteuliwa kushika nafasi yake. Nikiutazama ule mlango naogopa. Naona mabuti yakija, mengi, na moja nimelisahau. Niliandika barua ya kuomba uhamisho kwenda kliniki ya watoto.

Nilimwuliza yeye hofu ilimwisha lini. Akanicheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Iniishe? Binti, aliyeniambia haogopi nilimwondoa mlangoni siku hiyohiyo. Hofu ndiyo inayonikumbusha buti la pili."

Mzee wetu, asante kwa miguu uliyoiokoa na kwa mabuti uliyoyarudisha kwa wenyewe. Sasa kashone viatu vya wajukuu, vilivyochanwa na mpira tu. Tunakuombea afya, miaka mingi, na usingizi ambao king'ora hakitaukatiza.

Barua yangu niliiomba irudishwe Jumatatu, nikaichana mbele ya karani. Mkasi wake, alionikabidhi, nao nimeshaupeleka ukanolewa. Uko mfukoni mwa koti langu.