Dakika Kumi Alizonyimwa Évode Barampama

Padri wetu, ndugu wa damu na ndugu wa ukimbizini, majirani wa Alby na wa Hallunda, na nyote mlioacha kazi Ijumaa hii ya tarehe 30 Machi 2012 ili kumsindikiza mzee wetu, familia imempa Diane, binti mkubwa wa marehemu, jukumu la kuwasomea maisha ya baba yake, nayo inaomba yasikilizwe mpaka mwisho, kwa kuwa kila tarehe iliyomo humu imehakikiwa kwa karatasi, na mbili kati yake kuna watu waliotaka zisisomwe.

Marehemu Évode Barampama alizaliwa tarehe 12 Oktoba 1954 huko Nyanza-Lac, kusini mwa Burundi, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Mathias, mwalimu wa shule ya misheni, na Mama Adelina, mkulima, na mwaka 1961 alianza masomo katika darasa la baba yake mwenyewe, ambaye kwa kuogopa kuonekana anampendelea alimsahihisha kwa ukali kuliko watoto wa watu, hata mtoto akajifunza mapema kwamba kosa dogo la mtu wa karibu halihesabiwi kuwa dogo. Mwezi Mei 1972, Mzee Mathias alichukuliwa na wanajeshi mbele ya wanafunzi wake, hakurudi, wala hatukuwahi kuonyeshwa kaburi lake, na siku hiyohiyo redio ya jirani ilitangaza kwamba nchi nzima ni shwari, jambo ambalo Évode hakulisamehe maisha yake yote, akisema kwamba waliomchukua baba yake walimuua mara moja, na yule mtangazaji, kwa sauti yake nzuri, akamuua mara ya pili.

Yeye na mama yake walivuka mpaka kwa miguu hadi Kigoma, wakapelekwa makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, ambako alikijua Kiswahili, akakipenda kama mtu anavyoupenda mlango aliopitia kuokoka, akamaliza sekondari Tabora mwaka 1976, akasomea ualimu, na kuanzia Januari 1979 akafundisha shule ya msingi hapohapo Ulyankulu kwa miaka kumi na minne. Tarehe 18 Agosti 1979 alifunga ndoa na Spéciose, mjane wetu aliyeketi hapa mbele, na Mungu akawajalia watoto watatu, Diane aliyezaliwa mwaka 1981 na Bruce mwaka 1986, wote wa Ulyankulu, na Natacha aliyezaliwa hapa Uswidi, Huddinge, mwaka 1998, ambaye alisemeshwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiswidi, na ambaye siku moja alimwambia baba yake kwamba bajeti ya Marekani inaweza kusubiri, kazi ya hesabu ya shuleni haiwezi, na mzee akazima redio.

Agosti 1993 familia ilirudi Burundi kwa furaha ya uchaguzi, Oktoba nchi ikalipuka, Novemba tukawa Kigoma tena na mabegi yaleyale, na tarehe 14 Mei 1996 tukashuka uwanja wa ndege wa Arlanda, hapa Stockholm, tukaishi miezi mitano Upplands Väsby, kisha tukapewa nyumba Alby, ghorofa ya sita, ambamo marehemu ameishi mpaka alipolazwa. Alifanya kazi ya usafi miaka mitatu, na kuanzia Septemba 1999 akawa msaidizi katika maktaba ya Hallunda, akiwa na kazi ya kupanga magazeti ya Kiswidi, ya Kifaransa na ya Kiingereza kila asubuhi kabla mlango haujafunguliwa, na wenzake wa kazi, ambao wako hapa leo, wanakumbuka kwamba alikuwa hawezi kulipanga gazeti kabla ya kugombana nalo.

Kutokana na ugomvi huo, Jumamosi ya tarehe 22 Machi 2003, siku mbili baada ya vita vya Iraki kuanza, alikaa kwa mara ya kwanza mbele ya kipaza sauti cha redio ya mtaa, katika saa moja ya kila wiki iliyokuwa mali ya chama chetu, Umoja wa Familia za Maziwa Makuu, akaanzisha kipindi cha Kiswahili alichokiita "Dunia Wiki Hii", kilichosikilizwa na Warundi, Wanyarwanda, Wakongo, Watanzania na Wakenya, kila mtu na Kiswahili chake. Alikuwa na desturi moja ambayo hakuivunja hata siku moja, ya kusema kwanza kilichotokea, kisha nani amesema kimetokea, halafu kugonga glasi kwa kijiko ili msikilizaji ajue kwamba habari zimeisha na kinachofuata ni maoni ya Évode peke yake, mpaka Anthony, Mkenya aliyekuwa fundi mitambo wake, akawa anamtania, "Mzee wangu, kwa wengine maoni huingia dirishani, yako yanabisha hodi."

Kwa mpangilio huo aliieleza Marekani na dunia kwa miaka minane, akauliza silaha zilizofanya Baghdad ipigwe ziko wapi, akaizungumzia Guantanamo wiki baada ya wiki wakati magazeti yenyewe yameshachoka, na tarehe 22 Mei 2004, baada ya Waswidi kupata habari kwamba Wamisri wawili walioomba hifadhi hapa walikabidhiwa kwa maajenti wa Marekani katika uwanja wa ndege wa Bromma Desemba 2001, alisema kwamba nchi iliyotupokea imefanya aibu, akasema hivyo huku ombi letu la uraia likiwa bado mezani kwa watu, na Mama Spéciose akimsihi jikoni, "Évode, basi ngoja hata barua ifike." Uraia ulikuja Desemba mwaka huohuo, na hakuna Mswidi yeyote aliyemwita kumhoji. Mwaka 2005 alikosea tarakimu ya wanajeshi waliokufa Iraki, na Jumamosi iliyofuata alitumia nusu ya kipindi kulisahihisha kosa la sekunde nne, mpaka watu wakapiga simu kumwomba aendelee na mengine.

Tarehe 8 Novemba 2008, siku nne baada ya Marekani kumchagua rais ambaye baba yake alitoka Kenya, Alby nzima ilinukia pilau, na marehemu naye alilia studioni, Anthony ni shahidi, lakini alipokwisha kugonga glasi alisema kwamba rais huyu atapimwa kwa kipimo kilekile cha mwenzake aliyemtangulia, na mama mmoja wa Nairobi akapiga simu papo hapo kumuuliza, "Baba Diane, hata harusini unakuja na hukumu?" Watu walicheka, wakampenda zaidi, na katika mkutano wa mwaka wa Umoja, Februari 2009, mwenyekiti wetu, Bwana Boniface, alisimama akamwita sauti ya jamii, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Familia inaomba makofi hayo yakumbukwe, kwa sababu mikono ni ileile. Tarehe 28 Juni 2010 Burundi ilifanya uchaguzi wa rais wenye mgombea mmoja, baada ya wapinzani kujitoa, na Jumamosi ya tarehe 3 Julai marehemu aliusema jinsi alivyozisema chaguzi za wengine, akawalaumu waliotawala na akawalaumu waliojitoa, na kesho yake, Jumapili mchana, Bwana Boniface akaja nyumbani na wajumbe wawili na kreti ya soda, akakaa, akasema, "Kaka Évode, Marekani ni kubwa, haijajaa bado, kaa hukohuko, ukiipiga Washington hapa hakuna anayevimba, lakini huku kwetu kila unayemtaja ana shemeji yake humu Alby." Marehemu akamuuliza, "Na wale wa Baghdad, shemeji zao hawakuwepo popote?" na Mama Spéciose, aliyekuwa anamimina chai, akaongeza, "Kunywa, mwenyekiti, lakini kazi ya kumnyamazisha huyu mimi nimeijaribu miaka thelathini na mmoja." Wageni walicheka kwa heshima, wakaondoka, na kreti wakaiacha.

Tarehe 18 Septemba 2011 watu waliuawa kwa risasi katika baa huko Gatumba, na Jumamosi ya tarehe 24 marehemu alisoma idadi iliyotajwa, akasema nani ameitaja, akagonga glasi, kisha akauliza kwa nini siku sita zimepita na wenye mamlaka wanazungumzia wauaji kwa jina la majambazi tu, na kwa nini msiba wa Burundi unazungumzwa hapa Stockholm kwa kunong'ona, wakati wa Iraki tuliupigia kelele. Tarehe 28 Septemba Umoja uliandika barua yenye saini kumi na moja, ikidai kwamba Évode Barampama anaigawa jamii na kwamba "inasemekana" anapokea maagizo ya waasi, na Jumamosi ya tarehe 1 Oktoba 2011, alipofika studio na makaratasi yake, namba za siri za kufungulia mlango zilikuwa zimebadilishwa, na kupitia ukutani alisikia saa yake ikipigwa muziki wa dansi. Anthony, ambaye alikuwa ndani na hakuwa ameambiwa lolote, alitoka, akaufunga mlango nyuma yake, na hajarudi huko mpaka leo.

Mtu aliyetumia maisha yake kuuliza nani amesema, alihukumiwa kwa neno "inasemekana". Baada ya Misa watu walianza kusalimiana na familia yetu kwa vidole badala ya mikono, Mama Spéciose hakuitwa tena katika maandalizi ya harusi, na Natacha, mwenye miaka kumi na mitatu, aliulizwa shuleni na binti wa mmoja wa waliotia saini kama ni kweli baba yake ni muasi. Marehemu hakuomba arudishiwe kipindi. Aliomba dakika kumi, mara moja, katika saa ileile, ili aisome barua ya Umoja yote bila kuiruka, kisha aijibu, na aliliandika ombi hilo tarehe 5 Oktoba, tarehe 2 Novemba, tarehe 30 Novemba 2011 na tarehe 4 Januari 2012, kwa barua nne za rejista ambazo stakabadhi zake tunazo, na hakujibiwa hata moja, wala kwa mdomo.

Tarehe 11 Januari 2012 alianguka kazini akiwa na gazeti mkononi, na tarehe 17 Januari madaktari wakagundua saratani ya kongosho, iliyokuwa imekwisha kusambaa, na kwa wiki saba alizobakiwa nazo alimuuliza kila aliyemtembelea, kwa upole uliotuumiza kuliko maumivu yake, "Umoja wamesemaje?" Tarehe 8 Machi 2012, saa nne asubuhi, katika hospitali ya Huddinge, mkewe na wanawe wakiwa kando yake, aliaga dunia akiwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Siku tatu baadaye Bwana Boniface alifika matangani na karatasi iliyopigwa chapa, akitaka historia hii iseme kwamba marehemu "aliachia kipindi kutokana na maradhi ya muda mrefu", akasema, "Dada Spéciose, tuandike hivi, tumstahi marehemu." Mjane aliisoma karatasi ile mara mbili, akamrudishia, akasema, "Umemstahi nani hapa?" Kwa hiyo familia inasema wazi mbele ya jeneza hili kwamba Évode alitolewa redioni tarehe 1 Oktoba 2011 akiwa mzima wa afya, kwamba ugonjwa wake ulijulikana tarehe 17 Januari 2012, na kwamba kati ya siku hizo mbili kuna siku mia moja na nane, ambazo maradhi hayahusiki nazo, wanahusika watu kumi na mmoja, na baadhi yao wamekaa humu wakiwa na nguo nyeusi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, na hasa yule muuguzi aliyejifunza kumwita Mzee, wafanyakazi wa maktaba ya Hallunda waliompelekea magazeti hadi kitandani, majirani wa jengo letu, Waislamu kwa Wakristo, na kwa namna ya pekee Mama Kulwa, Mtanzania wa ghorofa ya nne, aliyepika kwa siku zote za msiba, Padri wetu, pamoja na Anthony, aliyepoteza mitambo yake kwa ajili ya rafiki. Umoja wa Familia za Maziwa Makuu umeleta shada la maua lenye utepe, nalo tumeliacha nje, mlangoni, ambako wenyewe watalikuta wakitoka, na siku watakapotupatia dakika kumi za Jumamosi, barua yao na jibu aliloliacha marehemu vikasomwa kimoja baada ya kingine, walilete kaburini, tutalipokea kwa mikono miwili.

Baba, kuanzia leo barua ya tano tutaiandika sisi, na ya sita, na ya saba. Wewe umeshadai vya kutosha, sasa pumzika, na amani iwe kwako.