Jino Halisahau Ziwa

Habari ya meno ya nyani, Justa aliisikia kwanza kwa Yudith, aliyekuwa akimpikia mtafiti mmoja aliyepiga hema upande wa pori la Mkomazi. Siku hiyo Yudith aliteremka Same kununua mchele, akaketi kwenye benchi la kijiwe karibu na stendi. Justa, mama kijana mwenye maneno machache, alikuwa akimimina kahawa. Binti yake Veneranda, wa miaka miwili, alikuwa Mbaga, juu mlimani, kwa bibi yake. Justa alimwachisha ziwa kwa kujipaka shubiri chungu, mtoto akiwa na miezi saba, mwaka ule mvua zilipogoma, akashuka mjini kutafuta riziki. Tangu Krismasi hakupanda tena, kwa kuwa mara ya mwisho mtoto alimkimbia kama mgeni.

— Mtafiti wangu anaokota mafuvu ya nyani waliokufa, alisema Yudith. Jino analikata jembamba kama karatasi. Lile ganda gumu la nje hujengwa tabaka juu ya tabaka tangu nyani yuko mchanga. Maziwa ya mama yana madini yake, majani na matunda yana yake. Akipima kila tabaka, anajua nyani alianza kula lini, na ziwa aliliacha lini.

— Acha kamba, dada, alisema Abdulrahmani, muuza mitumba waliyemwita Belo. Nyani kafa, nani atambishia?

— Na ganda hilo halifutiki? aliuliza Justa. Ndiyo mara ya kwanza sauti yake kusikika tangu asubuhi.

— Halifutiki, mdogo wangu. Tena gego la ukubwani huanza kuumbwa ndani ya ufizi mtoto angali ananyonya.

Mzee Nathanaeli, aliyepunguzwa kazi kwenye shamba la mkonge na kubakiwa na jina la Katani, alitikisa kichwa.

— Ndiyo maana wahenga walisema, jino la pembe si dawa ya pengo.

— Hapo linaingiaje, Mzee Katani? aliuliza Belo.

— Linaingia tu. Langu wakilikata watakuta unga wa njano wa msaada, enzi zile za foleni.

— Langu watakuta sukari guru, alisema Belo. Siku hizi ruksa, kila kitu kipo dukani, lakini meno yalishaandika. Nawaambieni, hii itafika kwenye posa. Mkwe atasema, fungua kinywa kwanza tuone ulilelewaje.

— Itafika kwenye vyama vingi, alisema Mzee Katani. Mgombea aje na gego lake. Aliyenyonya miaka mitatu tumnyime kura, huyo hajui kuachia.

Walicheka mpaka benchi likalia. Justa hakucheka.

— Dada Yudith, na shubiri nayo inaingia kwenye jino?



— Nyani hawapakani shubiri, mdogo wangu. Sikumwuliza.

Mwanamke mmoja aliyeshuka kwenye basi la kutoka Bendera, mtoto mgongoni, alikuwa amesimama pembeni na kikombe chake, akisikiliza.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba, mwanangu, alijibu Mzee Katani.

— Samahanini. Huyo nyani aliyeachishwa mapema, jino lake linasema mama alikwenda wapi?

Yudith alianza kulifunga upya fundo la mchele ambalo halikuwa limefunguka. Justa aliinamisha birika kumwongezea mgeni kahawa, yakatoka machicha matupu.

Kesho yake asubuhi benchi lilikaa bila kahawa. Justa alikuwa juu ya magunia katika pikapu ya kwanza ya kwenda Mbaga. Veneranda alipomwona alijificha nyuma ya kanga ya bibi yake. Justa hakumwita. Alichuchumaa uani, akachovya kidole kwenye asali ya nyumbani, akakinyoosha mbele yake, akangoja mpaka jua likamfikia mgongoni.

Mtoto alikuja taratibu. Alikinusa kidole kwanza. Akakilamba. Kisha akakiuma kwa magego yake mapya, kwa nguvu zote.

Justa hakukitoa.