Jiwe la Bluu Nililolichana kwa Wivu

Assalam aleikum. Na ndugu zangu wa upande wa pili, Tumsifu Yesu Kristo. Wakubwa zangu, shikamooni. Mnanijua, nauza mawe ya vito hapa Kariakoo, na kwenye kikundi hiki mimi ndiye msemaji kupita kiasi. Leo nasema lile ambalo siku zote nalikwepa.

Mawe nilijifunza kwa mzee mmoja mwenye meza uchochoroni. Miaka sita! Kusikilizia uzito wa jiwe mkononi, kulisugua kwenye kigae uone unga wake una rangi gani, kulichana kwa msumari ujue ugumu wake. Kisha akaja binti kutoka Tunduru, naye kujifunza. Mwaka haujaisha, wateja wakifika wanauliza, "Yule dada mwembamba yupo?" Ndugu zangu, nawaambia, wivu ulinikaba mpaka chakula hakishuki. Akicheka, nakereka. Asipokuja, nafurahi, halafu mzee anaanza kumuulizia, nakereka upya. Mnacheka? Chekeni tu, na nyie mna wenu.

Siku moja fundi pikipiki wa Buguruni akaleta jiwe la bluu, refu, bapa, ameachiwa na marehemu baba yake. Alitaka tu kujua ni jiwe gani. Binti akaligeuzageuza kwenye mwanga, akasema, "Kayanaiti hii, kaka, kito cha kweli. Itunze."

Nikalinyakua. Nikapitisha msumari kwa urefu wake, ukaacha mchubuko. Nikapaza sauti: "Kito gani kinachanwa na msumari? Huyu anadanganya watu!" Watu wakajaa, wakamcheka. Yule kaka akaliacha jiwe pale pale, akaondoka ameinamisha kichwa. Mzee macho yake siku hizi hayaoni vizuri, aliamini macho yangu. Akamtoa binti kwenye kupima, akampa ndoo awe anaosha mawe. Sitawaficha, nilifurahi. Nilijinunulia soda baridi.

Wiki iliyofuata, baada ya adhuhuri, niko peke yangu mezani, nikalichukua lile jiwe. Sijui nini kilinituma, nikapitisha msumari kwa upana. Ukateleza. Nikakandamiza kwa nguvu. Jiwe halikuchanika, msumari ndio ulioacha chuma chake juu ya jiwe. Hapo ndipo nikakumbuka mzee alishatufundisha: kayanaiti ni laini ukiichana kwa urefu, ngumu ukiichana kwa upana. Siku anafundisha, mimi nilikuwa namtazama binti anavyosikiliza.

Nikalificha jiwe kwenye mkoba. Miezi miwili, ndugu zangu! Mpaka binti alipokuja mwenyewe, mikono imebabuka kwa maji, akakaa karibu yangu.

"Dada, shikamoo. Naomba unifundishe. Siku ile nilikosea wapi?"

Nikatoa jiwe na msumari, nikampa. Akachana kwa urefu. Akachana kwa upana. Akalia. Nikamwomba radhi. Hakunitukana, na bora angenitukana.

Siku hiyo hiyo nilimweleza mzee, akamrudisha kwenye kupima. Jiwe nikalipeleka Buguruni kwa mwenyewe, nikasimama nikasemwa mpaka akachoka. Namshukuru mzee, hakunifukuza. Nawashukuru akina mama wawili wa humu walionipigia simu kila asubuhi nilipoona aibu kurudi mezani. Wivu haujaisha, nisiwadanganye. Jana tu mteja kanipita kaenda kwake, nikauma meno. Ila nimejifunza hili: mtu unayemwonea wivu, usijipe wewe kazi ya kumpima.

Limebaki moja. Nilimwaibisha mbele za watu, halafu nikamwomba radhi tukiwa wawili tu. Haitoshi. Yupo humu, amekaa karibu na mlango, jina simtaji. Mdogo wangu, wote hawa wasikie: wewe ulisema kweli. Muongo nilikuwa mimi, nilijua, na nikakuacha uoshe mawe.