Kabati la Remmy

Hebu piga picha, msomaji wangu: Jumamosi asubuhi, kijiwe cha kahawa pale Lizaboni, Songea, miaka ile ya soko huria. Majaliwa wa Tunduru anamimina kahawa. Wateja wake, waliozoea kukalia mawe na matairi, tangu juzi wanakalia benchi la mninga, zawadi ya mzee Gaspari mwenye nyumba. Katikati yuko Remmy, fundi redio, kavaa kaptura na kandambili. Kesho ni msimamizi wa kipaimara Peramiho, na suti yake imeondoka pamoja na kabati la chumba alichopanga.

— Nilipanga chumba chenye kitanda, meza na kabati, alisema Remmy. — Jana natoka kazini, ukuta mtupu! Mzee Gaspari ananiambia, "Kabati ni langu, kijana. Nina wageni wa harusi, wakiondoka nitalirudisha."

— Na suti iliyomo? Majaliwa akauliza.

— Kalifunga! Ufunguo anao shemeji yake, na shemeji kaenda Mbinga.

Wakili, aliyepewa jina hilo kwa kuwahi kufagia mahakamani, akakohoa.

— Kisheria, mbao ni za mzee. Wewe ulipanga ile hewa ya ndani.

— Basi anirudishie hewa yangu, na suti ikiwemo!

— Huo ni wizi, alisema Katapila, mpakia mizigo wa stendi. — Kesho atabeba kitanda na wewe umelala.

— Ukiwa umelala juu yake, nawe ni samani, Wakili akajibu bila wasiwasi.

— Mke wangu naye samani? Katapila akadakia. — Mwambie mzee aje ambebe, aone!

Wakacheka. Remmy hakucheka. Alikuwa akimwona Edmund, mtoto wa dada yake, mbele ya askofu, kashikwa bega na mtu mwenye kaptura. Akalipiga benchi kwa kiganja, kana kwamba mzee yuko mbele yake.

— Unapokea kodi yangu, halafu unaingia chumbani nisipokuwepo unabeba nilichopanga? Huna haya! Na anayekusaidia kubeba naye hana haya!

— Kabisa! Katapila akaitikia.

Hapo akafika mwanamke mwenye mkoba wa safari.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama.

— Naitwa Zuhura. Nimepanga nyumba ile nyingine ya mzee Gaspari. Nilikwenda msibani Tunduru, nimerudi nakuta wanangu wanakula sakafuni. Samahani jamani, hili benchi mmelitoa wapi?

Wakili akatazama ndani ya kikombe chake. Katapila, aliyelibeba juzi kwa bega lake mwenyewe, akajikuna shingo. Remmy akakumbuka alivyolisifia, bila kuuliza lolote.

Akainuka wa kwanza.

— Katapila, shika huko. Tunalirudisha kwa mama. Tukitoka huko ni sebuleni kwa mzee, tukalibebe kabati na kufuli lake. Fundi wa kulifungua ni mimi.

Wakili akabaki na kikombe mkononi, akitafuta jiwe lake la zamani.

Nawe nakuomba ukumbuke kitu kimoja tu: ukikaribishwa kiti, kabla hujakaa, uliza ni nani aliyeinuliwa.