Vidonge vya Bi Mwatum na Mwezi Unaokuja

Mgeni rasmi, Bwana Daktari, Shehe Mbaruk, wazee wetu, mama zetu na jamaa wote mliohudhuria: Assalaam alaykum.

KARIBU MTAMBILE

Sisi wachambuaji karafuu wa Mtambile, wake kwa waume, tumefurahi mno kwamba umekuja kutufungulia chumba cha dawa. Tunajua barabara imekuchosha. Halua imewekwa mbele yako makusudi, ili usiiseme vibaya barabara yetu.

HALI ILIVYOKUWA

Mwenzetu Bi Mwatum binti Mmanga alikuwa hodari kuliko sote wa kutenga karafuu na makonyo, vile vijiti vyake. Mwaka juzi tukamwona anabadilika. Mikono inatetemeka, karafuu na makonyo vinamwagika pamoja. Anakula chakula cha wanaume wawili na huku anakonda. Sisi tumejitanda kwa baridi, yeye jasho linamchuruzika. Macho nayo yakamtoka, hata mwenzetu Mzee Jecha akalalamika, "Bi Mwatum, kwani miye nimekukosa nini ukanikodolea hivyo?"

Tukasema ni shetani. Utusamehe, Bwana Daktari, lakini ndivyo tulivyosema. Tukampigia ngoma siku tatu. Fundi wa ngoma akauliza, "Weye nani, na wataka nini?" Mashetani wa kwetu hawachelewi kujibu: huyu kilemba, yule pete, mwengine mbuzi mweusi. Huyu akajibu kwa sauti ile ile ya Bi Mwatum: "Nataka kulala. Niondosheeni ngoma zenu." Fundi akakusanya vitu vyake, akasema hajapata kuona shetani asiyetaka hata ubani.

Ndipo dada yake, Bi Radhiya, akamleta kwako. Ukamshika mkono huku unatazama saa yako, ukamtaka anyooshe vidole, ukampapasa shingo. Ukasema hapa shingoni pana tezi inayoendesha mwili, na ya Bi Mwatum inafanya kazi kupita kiasi. Tulistaajabu. Katika Mtambile nzima hatujui mwengine mwenye bidii hiyo, asiyepumzika hata siku ya Ijumaa.

SHUKURANI ZETU

Ukampa vidonge, kimoja asubuhi, kimoja adhuhuri, kimoja jioni. Ukamwambia kweli: vidonge hivi haviing'oi tezi, vinaizuia tu, na havina haraka. Wiki ya kwanza Bi Mwatum alivitukana. Ya tatu akavinyamazia. Ya tano akalala mpaka jua likapanda. Bi Radhiya akaenda kumtikisa kwa hofu, akidhani amekufa, Bi Mwatum akazinduka akamtukana yeye, mumewe na kuku wao. Tuliposikia matusi yale tukamshukuru Mungu: mwenzetu amepata usingizi.

Siku hizi amenenepa, moyo umetulia, na kwenye jamvi la kuchambulia hapana anayemfikia. Ulimwonya vilevile kwamba akiumwa na koo akaona na homa, aache vidonge aje mbio spitali. Onyo lile tumelishika sote, hata wasiomeza kitu. Mzee Jecha akikohoa kwa tumbaku yake, watu kumi wanamuuliza koo.

LINALOTUTIA HOFU

Sasa, Bwana Daktari, lipo jambo hulijui.

Ramadhani iliyopita, ulipokuwa safarini, Bi Mwatum alifunga. Vidonge vya mchana hakuvimeza. Alivikusanya vyote vitatu akavimeza pamoja wakati wa futari, juu ya tende. Siku nyengine alishiba uji akavisahau. Kumi la pili moyo ukarudi mbio zake, akaanguka kifudifudi juu ya karafuu, tukampakia katika lori kumpeleka spitali, huku tukimsomea njia nzima. Uliporudi ukamuuliza, akakujibu hajakosa hata kidonge kimoja. Na sisi tuliokuwapo tukatazama chini. Leo tunakwambia, na tunakuomba radhi.

Shehe Mbaruk amekwisha mweleza kwamba mgonjwa ana ruhusa yake. Akamjibu, "Shehe, weye jirani yangu, wanionea huruma tu. Miye nikila mchana watu wakaniona, uso ntauweka wapi?"

OMBI LETU

Zimebaki siku nane mwezi uandame.

Bi Mwatum ni yule wa safu ya mbele mwenye kanga nyekundu. Tulimwambia risala hii itahusu barabara, ndiyo maana akakubali kukaa hapo. Na sasa anatutazama kwa macho yaliyopungua ukubwa, ukali bado. Bi Mwatum, tafadhali usiinuke.

Ombi letu ni moja. Kama saa za dawa zaweza kupangwa baina ya futari na daku, mpangie wewe. Kama haiwezekani, mwambie kwa mdomo wako, hapa, mbele ya Shehe na mbele yetu, kwamba ale na ameze mchana. Tukishasikia sote, hapatakuwa na wa kumuuliza wala wa kumtazama. Bi Radhiya ameahidi kumpikia uji, na sisi tutakaa tumempa mgongo mpaka amalize.

Mwenyezi Mungu akulipe kheri, akuzidishie afya wewe na watu wako, akuongoze kwa kila mgonjwa anayekushikisha mkono wake.

Barabara tutakuomba siku nyengine. Leo tunanyamaza, Bwana Daktari. Sema naye.

Ni sisi,
Wachambuaji Karafuu wa Mtambile, Pemba.
Imesomwa kwa niaba yao na Thuwein bin Marhoun,
22 Shaaban 1368.