Stika Juu ya Mchikichi

Sogeeni, wanangu, na wewe wifi yangu usijibanze mlangoni, maana haya yanakuhusu kuliko yeyote. Zimeni hiyo redio, sina pumzi ya kushindana nayo.

Jana mliniletea chai na pakiti ya biskuti zetu, nikaona mahali penye picha ya mchikichi pamebandikwa stika nyeupe: "Haina mawese." Nikaibandua kwa ukucha, nikala moja. Maradhi yameninyang'anya miguu na usingizi, lakini ulimi hayajaugusa. Mawese ni yale yale. Kwa hiyo wewe, kifungua mimba wangu, uliyekabidhiwa duka, umewadanganya watu kwa jina langu, nami bado napumua.

Usiinamishe kichwa. Najua utasema nini, ulishamwambia dada yako jikoni ukidhani nimelala: wateja hawataki hadithi, wanataka wasome neno moja, watie kikapuni, waende zao. Ni kweli, na hilo ndilo linaloniunguza. Yule jirani tunayemwita Miwani, aliyemlea mwanawe kwa biskuti zetu zilizolowekwa kwenye maziwa, alisimama kaunta akila na kusifu, kisha akageuza pakiti, akasoma, akairudisha kama aliyeokota panya mfu. Mawese yanamaliza misitu, akasema. Nikamweleza habari za shangazi yenu huyu anayetuletea mawese: kwamba shamba lake lilikuwa shamba tangu enzi za babu yenu, kwamba hajaangusha mti wa msitu hata mmoja, kwamba wakaguzi huja kupima mipaka na kuchungulia hadi mifereji, na ule muhuri wa kijani wa mawese yasiyoharibu misitu hakuuokota njiani. Akanisikiliza vizuri tu. Halafu akasema, "Wewe nakuamini, mama. Lakini nitamweleza kila anayenikuta na pakiti hii mkononi?" Akachukua biskuti za kiwanda fulani, zilizoandikwa "mafuta ya mimea," basi, mimea gani hakuuliza.

Wengine husifu muhuri mpaka wasikie bei. Wengine hudhani ni pambo. Nimewakasirikia wote, na nitakwenda nayo hasira hiyo. Lakini wao hawajui, wewe unajua. Likizo zako zote ulizimalizia shambani kule, shangazi yako akikuvusha mfereji mgongoni, na leo unafunika miti yake kwa gundi huku unampigia simu alete mapipa mengine.

Duka hili lilikuwa na desturi moja, baba yenu aliianzisha: anayeuliza kuna nini ndani, anajibiwa kabla hajalipa. Hata siku tuliyotia chumvi mahali pa sukari tuliwaambia wenyewe, wakatucheka wiki nzima, wakarudi.

Basi shikeni haya. Tanuri na jina la biskuti nampa binti yangu, kwa kuwa yeye alinyamaza kwa woga, si kwa tamaa, na woga utamtoka akiwa na chake. Duka ni lako bado, mwanangu, maana una mdomo wa kuuza. Sasa utautumia kueleza, hata ukauke. Mchikichi urudi mbele ya pakiti, mkubwa kuliko ulivyokuwa, na pembeni yake muandike mafuta yanatoka kwa nani. Asiyetaka, muageni kwa heshima. Wakipungua, kandeni unga kidogo. Mkishindwa kabisa, fungeni mlango mchana watu wakiona, na shangazi yenu awe wa kwanza kuambiwa, asiyasikie sokoni.

Wifi, kaa hapa kitandani. Hapa.

Wewe mkubwa, nipe mkono. Unanata. Bado una gundi vidoleni, mwanangu. Lete lile boksi la pakiti, liweke hapa miguuni pangu, ubandue, nisikie. Taratibu, usichane picha.

Mungu awape riziki isiyowalazimisha kujificha... awape watoto watakaowauliza maswali, nanyi mjibu... mpatane, jamani, mimi nimechoka kuwapatanisha.

Mbona kimya? Sisikii. Endelea.

Nyingine.

Nyingine...